Vyumba Vinne vya Mawaleh

Ruwi, Maskati
Jumapili, 8 Februari 1998

Mwanangu Shurooq,

Ami yako Thabit kasema jana mchana, alipotoka ofisi ya ardhi, kwamba kubadilishana viwanja kumekubaliwa. Chetu sasa ni namba 214 Mawaleh, chake ni 215, na vinapakana. Kila kimoja ni mita ishirini kwa thelathini. Nimekwenda kuviona: changarawe tupu, mgunga mmoja, lami imeishia mita mia nne kabla, na ndege za uwanja wa Sib zinapita juu. Ndani ya bahasha nimekuwekea nakala ya kuruki, ile karatasi ya mipaka.

Jambo la pili unalijua, lakini naliandika ili liwe limeandikwa. Ijumaa nilipokupigia simu huko Amman, Ami alikuwa kuliani kwangu na Bibi kushotoni. Nilikwambia kwamba Ami anakuposa kwa mwanawe Osama, nikakuuliza unasemaje. Ulinyamaza. Ami akasema Alhamdulillah, mama yako akalia, simu ikakatwa. Kwetu mwari akinyamaza amekubali, na hivyo ndivyo tulivyolichukua. Harusi itakuwa ukishamaliza masomo na nyumba zikishasimama. Utakaa kwa Ami, ghorofa ya juu.

Sasa nina kazi kwako. Katika ukoo huu ni wewe peke yako uliyesomea kuchora majumba, na umebakisha miezi mitano. Tuchoree nyumba yetu. Ofisi ya uhandisi itaipitia na kuipigia muhuri kwa ajili ya kibali cha baladia, idara ya mji, lakini mchoro uwe wako.

Maombi ya watu wa nyumbani nayaripoti kama yalivyotamkwa. Bibi: "Mimi nnataka chumba cha chini. Ngazi za Ruwi zimeshanila magoti. Na dirisha nimwone anayepiga hodi kabla yeye hajaniona." Mama yako anataka majiko mawili, la ndani la chai na la nje la samaki. Mdogo wako Loay anataka chumba chenye ufunguo. Ana miaka kumi na moja. Chumba kimekubaliwa, ufunguo umekataliwa. Ami anataka mlango katika ukuta wa mpaka, baina ya nyumba yake na yetu, "binti yako asitoke barabarani kila akimtamani mama yake." Bibi kaunga mkono, kwa sababu yeye ana watoto wawili, Ami na mimi, na nyumba zitakuwa mbili. Mimi nataka majlis yenye mlango wake wa nje.

Barua yako itasomwa kwa sauti baada ya chakula cha Ijumaa, kama kawaida, Ami na watu wake wakiwepo. Bibi anasema uandike herufi kubwa, ingawa msomaji ni mimi.

Baba yako,
Harub


Amman
Jumamosi, 21 Februari 1998

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo Mama, Bibi, Ami na nyote mnaosikiliza.

Theluji imeanguka tangu juzi. Bibi, usimwulize Baba tena: ndiyo, nimevaa soksi, ndiyo, za sufi, na hapana, sizivui hata kulala.

Ramani ni hii. Ukiingia getini, majlis iko kulia, na mlango wake na pa kunawia mikono pake. Mgeni wa Baba anaingia na kutoka bila ya kumwona mtu wa nyumbani. Kushoto ni chumba cha Bibi, dirisha linatazama geti. Nimelipandisha kidogo kuliko kawaida, ili Bibi aone lakini asionekane. Kati ni ukumbi, halafu jiko la ndani. Jiko la nje liko nyuma kabisa, upande ambao upepo wa bahari utachukua moshi wa samaki na kuupeleka kwa jirani wa nyuma, ambaye hatumjui bado. Tutamwomba radhi tukimjua.

Ghorofani kuna chumba cha Baba na Mama, chumba cha Loay chenye mlango usio na ufunguo, na chumba cha wageni.

Mwalimu wangu aliitazama akasema nimefanya kosa la aibu, vyoo vyote vinaelekea kibla. Nikamwambia, "Ustadhi, hapa Amman kibla ni kusini. Kwetu Maskati ni magharibi." Akageuza karatasi, akaigeuza tena, akacheka, akaniongezea alama mbili.

Kila kitu nimekitia wino isipokuwa mlango wa ukutani. Huo ni wa penseli mpaka Ami anipe vipimo.

Loay, sitaki kusikia kwamba umeanza kuuza nafasi za kulala chumbani mwako.

Binti yenu,
Shurooq


Ruwi
Jumamosi, 7 Machi 1998

Mwanangu,

Mama yako kasema jana, baada ya ramani kuzunguka sinia zima, kwamba jiko la nje halitoshi sufuria la biriani la watu hamsini. Nilimwuliza lini tumepika kwa watu hamsini. "Harusi ya nani unayoingoja?" akanijibu. Liongeze mita moja.

Ami aliishika ramani juu juu kwenye taa. "Mbona majlis yako imeipita yangu?"

"Yako hujaichora bado."

"Basi ntaichora iipite."

Bibi alingoja mpaka birika la kahawa lilipokwisha. "Na huyu mtoto analala wapi?"

"Loay? Hapa, Mama, juu."

"Shurooq."

Ami akacheka. "Kwangu, Mama. Ghorofa nzima, na kiyoyozi chake."

"Siku hiyo. Na kabla ya siku hiyo? Na akigombana na mumewe?"

"Osama hagombani na mtu."

"Kila mtu ana mtu wa kugombana naye," Bibi akasema, akaomba kahawa nyengine ambayo haikuwepo.

Nilihesabu tena baadaye. Vyumba vya kulala ni vinne: chetu, cha Bibi, cha Loay, cha wageni. Chako hakimo. Nilielewa kwamba umeshajihesabu upande wa pili wa ukuta. Ami kafurahi mno. Kasema nikuandikie kwamba akili ya mtu huonekana katika kazi yake. Osama alikuja moja kwa moja kutoka zamu yake ya forodha, Bandari ya Sultan Qaboos, na nguo za kazi. Aliitazama ramani muda mrefu kuliko mtu mwengine yeyote.

Vipimo vya mlango ni mita moja na sentimita kumi upana, mita mbili na kumi urefu. Tia wino.

Baba yako,
Harub


Amman
Alkhamisi, 19 Machi 1998

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na salamu kwa wote.

Ramani ya pili hii. Mlango umetiwa wino. Jiko la nje sasa linaingia sufuria la biriani na mpikaji wake.

Bibi, swali lako nimelisikia. Chumba cha wageni kina kitanda. Mtu anayekuja kulala mara mbili kwa mwaka kitamtosha.

Ofisi moja ya uhandisi ya huko Maskati, Qurum, imeniandikia kwamba wako tayari kunichukua kwa mafunzo ya mwaka mmoja kuanzia Septemba. Nimewajibu kwamba sitaweza. Naitaja kwa sababu Baba anapenda habari iliyokamilika.

Binti yenu,
Shurooq


Gazetini, Maskati
Jumatatu, 30 Machi 1998

Shurooq,

Barua hii naiandika ofisini na haitasomwa Ijumaa. Na wewe jibu kwa sanduku la posta la gazeti. Namba iko nyuma ya bahasha.

Bibi yako kaniuliza jana: "Wewe ulimsikia mtoto akisema ndiyo?"

Nikasema, "Alinyamaza."

"Sikukuuliza hayo."

Nilikwenda kulitafuta daftari langu. Unaijua tabia yangu, kila simu naiandika. Tarehe 6 Februari imeandikwa hivi: "Sh., Amman, saa 8.20 mchana. Sauti imefunguliwa. T. na Mama wapo. Swali limeulizwa. Hakusema kitu. Sekunde kumi hivi. Mwangwi. T.: Alhamdulillah." Hakuna zaidi ya hapo.

Mwandishi mgeni akiniletea habari kwamba mkurugenzi fulani amekubali jambo kwa sababu hakujibu simu, namrudishia karatasi yake, na huwa simrudishii kwa upole. Mwaka wa ishirini na mbili huu nafanya kazi hii. Wewe nilikutangaza bila ya kukusikia. Zaidi ya hayo nilikuuliza mbele ya mtu aliyekuwa akilitaka jibu moja tu, nikijua kwamba hutaweza kumjibu vyengine naye anasikia. Hilo ni kosa langu, si la mila. Mila inasema binti aulizwe. Haisemi aulizwe kwa sauti iliyofunguliwa, baba wa kijana akiwa amekaa kwenye mto wangu.

Kwa hiyo nauliza upya, na maswali ni matatu. Siku ile ulikubali? Kama hukukubali, mbona hukuniandikia? Na kwa nini nyumba yangu haina chumba chako?

Ukisema ndiyo, nitafurahi, na mambo yanaendelea kama yalivyo. Ukisema hapana, nitamwendea Ami mimi mwenyewe. Ukihitaji muda, andika kwamba unahitaji muda. Nisichokitaka ni karatasi tupu.

Baba yako,
Harub


Amman
Alkhamisi, 9 Aprili 1998

Baba,

Idi njema. Hapa tumebaki wasichana wanane tu bwenini na kuna utulivu wa kuandika. Nakujibu kwa mpango wako.

Siku ile sikukubali. Wala sikukataa. Nilikuwa nimesimama kwenye simu ya ukumbini, na nyuma yangu foleni ya wasichana sita. Nilimsikia Ami akipumua. Nilikuwa natafuta namna ya kusema "niachieni nifikirie" bila ya kumvunjia heshima, na sijaipata bado nikasikia Alhamdulillah. Sasa nimefikiri. Jibu langu ni hapana.

Mbona sikuandika? Niandike wapi, Baba? Barua zangu zinasomwa juu ya sinia. Niandike "simtaki Osama", halafu wewe usome kwa sauti, na Osama anakupitishia ndimu?

Chumba changu kilikuwepo. Nilikichora pembeni ya chumba chenu, dirisha la kaskazini. Nikaandika jina langu, nikalitazama, nikakifuta chote. Nilidhani umefurahi, na ukikiona utasema nakaidi. Halafu nikasema: basi, acha nione kama mtu atauliza. Bibi aliuliza. Wewe ulihesabu, ukafika vinne, ukapita.

Osama hana kosa lolote. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha gari pale ufukweni Sib, na nilipogonga nguzo alimwambia Ami kwamba kagonga yeye. Wiki mbili hakupewa ufunguo. Nampenda kama ninavyompenda Loay, na taabu ni hiyo hiyo. Sitaki aje ajue baada ya harusi.

Ile ofisi ya Qurum naitaka. Niliwakatalia kwa sababu Ami keshasema mara ngapi kwamba mke wa mwanawe hatapanda ngazi za mafundi. Nataka nione nyumba moja niliyoichora mimi ikisimama, nijue nimekosea wapi. Baada ya hapo, akija mtu kuniuliza, nitamjibu kwa sauti.

Kinachonitisha si Ami kukasirika. Kinachonitisha ni wewe. Tangu mlipotoka Unguja, nyinyi wawili hamjawahi kula Ijumaa mbali mbali.

Binti yako,
Shurooq


Ruwi
Ijumaa, mwezi 27 Mfunguo Tatu 1418

Mjukuu wangu Shurooq, nuru ya macho yangu,

Nnakuandikia kwa herufi za Kiarabu kama nlivyofunzwa chuoni Unguja, maana hizi za baba yako mimi sikuzisomea. Mama yako ndiye atakayeipeleka posta. Kaniapia hatosoma. Mimi nimeitia gundi mara mbili.

Baba yako hatokwambia yaliyopita jana, na akikwambia atasema "mazungumzo yamefanyika". Kwa hivyo nnakwambia mimi. Nlikuwa nyuma ya pazia na chujio la chai mkononi.

Thabit alikuja baada ya Alasiri. Hajakaa vizuri baba yako akamwambia, "Kaka, nlikwambia mtoto kakubali. Hakukubali. Nlikosea mimi, si yeye."

Thabit akasema, "Alinyamaza. Mimi nlikuwepo."

"Na mimi nlikuwepo. Hakupata nafasi ya kusema."

"Tangu lini mwari anapewa nafasi? Mama yetu alipewa?"

Hapo nkatoka. "Sikupewa," nkamwambia. "Nlinyamaza kwa hasira. Nlitamani nimmwagie kadhi birika la maji. Wakahisabu ndiyo. Baba yenu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini hiyo ilikuwa bahati yangu mimi. Nyinyi msiifanye ushahidi."

Thabit hakunijibu, maana mimi hajanijibu tangu kuzaliwa. Alimgeukia mdogo wake. "Basi uzibe huo mlango, Harub. Kama mtoto hapiti, hapiti mtu." Akatoka, na kahawa yake haijaguswa.

Osama alikuwa chini garini. Baba yako alishuka ngazi kwa soksi, akamfuata kabla ya Thabit hajafika, akamwambia mwenyewe. Mimi nlitizama dirishani. Kijana aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Baba yako anasema jibu lake lilikuwa hili: "Afadhali mumeniambia kabla ya msingi." Halafu akauliza kama bado utamletea ile zaatari ya kulia mkate aliyokuagiza. Mletee kilo mbili. Mtoto mzuri yule. Angekuwa mbaya, kazi yetu ingekuwa nyepesi.

Baba yako kakaa kwenye ngazi mpaka Magharibi. Mimi na magoti yangu nkashuka nkakaa naye. Hatukusema kitu, na usije ukahisabu kwamba tumekubaliana kitu.

Leo ni Ijumaa. Tumekula wanne, na samaki kabaki.

Bibi yako,
Mwanamize


Amman
Ijumaa, 8 Mei 1998

Baba,

Barua ya Bibi nimeipata. Ilinichukua nusu saa kuifungua.

Nimepiga simu kwa Mama, kasema Ijumaa mbili Ami hajaonekana, na kwamba kila Ijumaa wewe unauweka mto wake pale pale anapokaa. Bibi ana miaka sabini na minne. Akitaka kumwona mwanawe mkubwa atazunguka barabarani, mita sitini kwenye jua la Mawaleh, kwa sababu yangu mimi.

Nakuletea ramani ya tatu. Ukuta wa mpaka umenyooka, hauna mlango. Nimeichora kwanza ili nione ikoje. Nimeiona. Kama gharama ya jibu langu ni hiyo, nalirudisha. Nitasema ndiyo, na safari hii kwa sauti.

Binti yako,
Shurooq


Gazetini
Jumatatu, 18 Mei 1998

Shurooq,

Jibu la pendekezo lako ni hapana. Nimelisema kwa sauti pia, hapa mezani, na mhariri wa michezo kageuka kunitazama.

Hukunivunjia udugu. Mimi na kaka yangu tulitoka Unguja na sanduku moja, tukalala chumba kimoja Mutrah miaka mitatu, na katika miaka hiyo alininunia mara nyingi, moja kwa sababu ya shati. Yeye hukasirika kwa miezi, mimi husubiri kwa miezi. Kazi hiyo tunaijua. Si kazi ya kupewa binti wa miaka ishirini na mbili aifanye kwa kuolewa.

Ramani ya tatu nimeipeleka ofisi ya uhandisi kama ilivyo. Waandikie Qurum leo.

Baba yako,
Harub


Ruwi
Jumamosi, 6 Juni 1998

Mwanangu Shurooq,

Ami yako Thabit kasema jana, saa saba na nusu mchana, akiwa amesimama kizingitini na viatu vyake miguuni: "Hiyo saini yangu inatakiwa wapi?"

Maelezo ni haya. Ofisi ya uhandisi haikubali kuupeleka ukuta wa pamoja baladia bila ya saini za wenye viwanja vyote viwili. Nilimpelekea Ami karatasi tarehe 25 Mei, ndani ya bahasha, bila ya barua. Ijumaa sita zilikuwa zimepita. Jana ikawa ya saba, na badala ya kuirudisha karatasi kwa mkono wa Osama aliileta mwenyewe.

Mama yako akamwambia avue viatu. Akavua. Akaomba ramani, nikamtandikia ile ya tatu mkekani, akaufuata ukuta kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Na Mama atapita wapi?" akauliza.

"Barabarani," Bibi akamjibu kutoka ukumbini. "Kwa fimbo. Na mwamvuli, Mungu akipenda."

Ami alikaa kimya. Sikukihesabu kimya kile kuwa chochote, nikangoja. Kisha akachukua kalamu yangu mfukoni mwangu na kuchora mistari miwili mahali ulipokuwa mlango. "Weka zege la juu hapa, kama la mlango. Chini yake wajaze matofali, lakini bila ya saruji. Yakae tu. Siku ya kuyatoa tutaiona."

Nikamwuliza kama niandike hivyo hivyo. Akasema andika. Akatia saini.

Hakukaa kula, alisema ana haraka. Alikula kwa haraka sahani mbili. Alipokuwa ananawa akauliza ofisi itakayokuchukua iko wapi Qurum. Nikamwambia. "Na asubuhi atakwenda na nani?" Nikasema na mimi. Akatikisa kichwa. "Njia ile saa moja imeshajaa magari. Mwambie atoke saa kumi na mbili na nusu." Hakulitaja jambo jengine, na mimi sikumtajia.

Sasa ni chumba chako. Nimekichora mwenyewe kwa rula, pembeni ya chetu, mita nne kwa nne na ishirini, dirisha la kaskazini, na jina lako juu yake kwa wino. Kwa sababu hiyo vyumba ni vitano na ramani ya tatu imekwisha kazi yake. Mhandisi kaitazama kazi yangu akasema mlango ukifunguliwa utapiga kabati, na kabati likisogezwa litaziba nusu ya dirisha. Nimeyaandika maneno yake hapa bila ya kuyapunguza. Rekebisha unavyojua, halafu itume kwa faksi ya gazeti kabla ya tarehe 15, wapate kuipiga muhuri.

Kupima msingi kiwanjani kunahitaji watu wanne wa kushika kamba. Mimi ni mmoja, Ami kasema atakuja. Nilimkuta Osama peke yake nikamwuliza kama angependa kuwepo au asingependa, nikamwambia kwamba majibu yote mawili ni sawa kwangu. Alifikiri. Akasema atakuja, ila atashika pembe ya mbali. Nimemwekea pembe ya mbali. Wa nne ni wewe.

Ndege yako inatua Sib Alkhamisi, tarehe 2 Julai, saa kumi na moja jioni. Nitakuwa upande wa kutokea. Ijumaa utapumzika. Vigingi vitapigwa Jumamosi, tarehe 4 Julai, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua.

Baba yako,
Harub